Chai ya Mgeni

1. Saa ya chai

Katika vilima vinavyozunguka ziwa Kivu, mvua hunyesha tangu mwezi wa Septemba hata mwezi wa Mei. Alasiri mawingu hushuka juu ya migomba, na baridi huingia nyumbani. Watoto hurudi kutoka masomoni, miguu yao imejaa matope. Mama hurudi sokoni na kikapu chake. Hapo ndipo watu wote hukumbuka chai. Mbabula huwashwa barzani, makala hushika moto, na birika huwekwa juu yake.

Chai si chakula kikubwa. Haishibishi kama bugali na maharagwe. Lakini humpasha mtu moto, na humkalisha pamoja na wenzake. Tena, mgeni akifika, chai ndiyo husema «karibu» kabla ya maneno mengine. Ndiyo sababu mtoto mwenye akili hujifunza kuipika vizuri, mvulana sawa na msichana.

Katika nyumba moja ya Kadutu, mjini Bukavu, aliishi binti wa miaka 12 pamoja na mama yake, baba yake, na mdogo wake wa miaka 7. Mama alikuwa anauza mboga sokoni. Alimfundisha binti yake mambo ya chai moja moja, kila siku kidogo. Tazameni yale aliyomfundisha.

2. Jani linatoka wapi

Siku ya kwanza mama alimwonyesha binti majani makavu katika kiganja chake. Yalikuwa meusi, madogo, yamesokotwa kama nyuzi.

– Haya yalikuwa mabichi, akasema. Bibi yako aliyachuma Kabare alipokuwa kijana.

Mchai ni mti. Ukiachwa peke yake hurefuka sana. Lakini katika mashamba watu huukata, usipite kiuno cha mtu, ili mikono ifike juu yake. Hupenda mahali pa juu, penye mvua nyingi na baridi kidogo. Kwa hiyo umestawi katika vilima vya Kivu, kama vile Mbayo upande wa Kabare, na Butuhe karibu na Butembo. Vita vilivyoanza mwaka 1996 viliharibu mashamba mengi ya nchi hiyo, na pengine michai iligeuka pori.

Mchumaji hachukui kila jani. Huchuma chipukizi la juu na majani mawili machanga yaliyo chini yake, basi. Majani makubwa ni magumu, hayana ladha nzuri. Bibi alitembea kati ya mistari tangu asubuhi, kikapu mgongoni, vidole vyake vikienda upesi kama vya mtu anayesuka mkeka. Kwa kupata kilo 1 ya majani makavu, zahitajiwa kilo 4 au 5 za majani mabichi.

Kiwandani majani huachwa kwanza yanyauke. Kisha husokotwa, na maji yake hutoka. Kisha huwekwa mahali pa hewa, nayo hugeuka rangi kama ndizi iliyomenywa. Mwishoni hukaushwa kwa moto. Chai nyeusi na chai ya kijani hutoka katika mti mmoja. Chai ya kijani haiachwi igeuke rangi.

Mti huu watu walianza kuutumia zamani sana katika nchi ya China. Wachina wa sehemu nyingi huuita «cha». Neno hilo lilisafiri kwa njia ya nchi kavu, likapita kwa Waajemi, likafika kwetu kuwa «chai». Lakini Wachina wengine wa pwani ya kusini husema «te». Waholanzi walilichukua neno hilo katika merikebu zao, na Wafaransa wakalifanya «thé». Kwa hiyo mtoto wa Kongo anayesema «chai» nyumbani na «thé» katika somo la Kifaransa, anatamka maneno mawili ya China.

3. Maji

Siku ya pili mama hakufundisha majani. Alifundisha maji.

– Majani mabaya hutoa chai mbaya, akasema. Maji mabaya hutoa maiti.

Binti aliogopa kusikia maneno hayo, lakini mama hakuyasema kwa mchezo. Katika mwezi wa Julai 1994 wakimbizi wengi sana walivuka mpaka wa Rwanda, wakafika Goma. Hapakuwa na maji safi ya kuwatosha watu wale wote. Wakanywa maji ya ziwa, na ugonjwa wa kipindupindu ukawashika. Watu maelfu na maelfu walikufa katika majuma machache. Mama alikuwa mtoto wakati ule, lakini habari ile ilifika Bukavu, naye hakuisahau. Hata baada ya hapo kipindupindu kilirudi mara nyingi katika miji iliyo karibu na ziwa.

Vidudu vya kipindupindu havionekani kwa macho. Maji yaweza kung'aa kama kioo, lakini yakawa navyo. Hukaa katika maji yaliyochafuliwa na mavi ya mtu mgonjwa. Bidoni likiwa chafu, maji mazuri ya bomba huharibika ndani yake. Lakini vidudu hivyo haviwezi kushinda moto. Maji yakichemka vizuri, hufa vyote.

Yafaa sasa kujua: maji yanayochemka ni yapi? Moshi ukianza kutoka birikani, maji hayajachemka. Viputo vidogo vikishika pande za sufuria, bado. Birika likianza kulia, bado pia. Maji yamechemka viputo vikubwa vinapopanda toka chini na kupasuka juu bila kukoma, na maji yote kugeuka-geuka. Hapo uyaache yachemke hivyo dakika 1 nzima. Ukikaa mlimani juu kupita meta 2000, uyaache dakika 3.

Kwa nini mlimani yangoje zaidi? Pwani ya bahari maji huchemka kwa joto la digrii 100. Lakini ukipanda juu, hewa inapungua uzito, na maji huchemka mapema kabla ya kupata joto lile lote. Ziwa Kivu liko juu ya bahari kwa meta 1460. Bukavu maji huchemka kwa digrii karibu 95. Joto hilo latosha kuua vidudu, ila usiyaondolee moto kwa haraka.

4. Namna za chai

Chai ya majani. Chukua maji lita 1. Yakisha kuchemka vizuri, ondoa birika motoni. Tia vijiko vidogo 4 vya majani, ufunike, ungoje dakika 4 au 5. Kisha mimina kwa kichungio. Wengine huacha majani yachemke muda mrefu motoni ili rangi ikolee. Rangi hukolea kweli, lakini chai huwa chungu, na ulimi hukauka. Ukitaka chai yenye nguvu, ongeza majani, usiongeze muda.

Chai ya tangawizi na maziwa. Chukua tangawizi kiasi cha kidole gumba, uioshe, uiponde. Uichemshe katika maji vikombe 2 kwa dakika 5. Tia majani ya chai vijiko vidogo 4. Mwishoni ongeza maziwa vikombe 2, yachemke pamoja mara moja, kisha uchunge. Usitie tangawizi mbichi katika maziwa, kwa sababu ina kitu kinachogandisha maziwa. Ikichemka kwanza katika maji, nguvu ile huisha.

Chai ya limau. Mimina chai bila maziwa, kisha ukamulie limau. Tazama kikombe: rangi nyeusi hufifia, chai huwa nyekundu yenye kung'aa. Limau ni kali, nalo hubadili rangi ya chai. Limau na maziwa visikutane katika kikombe kimoja, kwani maziwa yatakatika.

Chai ya mchaichai. Huu si mti wa chai, ni nyasi yenye harufu kama limau. Ulikuwa umepandwa nyuma ya nyumba ile, penye ukingo, ili uzuie udongo usichukuliwe na mvua. Kata majani 5 au 6 marefu, uyaoshe, uyafunge fundo, uyachemshe dakika 10. Chai hii hainunuliwi sokoni. Ndiyo chai ya nyumba ile pesa zinapopungua.

Jambo moja tena. Chai nzito ya majani huzuia mwili usipate vizuri chuma kilichomo katika maharagwe na mboga, na chuma hicho ndicho hutengeneza damu. Kwa hiyo afadhali isinywewe pamoja na chakula. Ngoja saa 1 baada ya kula. Mtoto mdogo hafai kupewa chai nzito. Mpe maziwa yaliyochemshwa, au mchaichai.

5. Mandazi

Siku ya Jumapili mama alimfundisha binti kufanya mandazi. Vitu vyake ni hivi: unga wa ngano vikombe 4, sukari nusu kikombe, chachu vijiko vidogo 2, chumvi nusu kijiko kidogo, mafuta vijiko vikubwa 2, na maji ya vuguvugu kikombe 1 na robo.

Changanya unga, sukari, chumvi na chachu. Tia mafuta, kisha maji kidogo kidogo. Maji yasiwe ya moto, kwa sababu chachu ni kitu chenye uhai. Maji ya moto huiua, na mandazi hayaumuki. Kanda kwa nguvu dakika 10, mpaka unga uache kushika vidole. Funika kwa kitambaa safi, uweke karibu na mbabula, lakini si juu yake. Baada ya saa 1 utaona donge limekuwa kubwa mara mbili. Siku za baridi ungoje zaidi.

Mdogo wake hakuweza kungoja. Kila dakika alifunua kitambaa.

– Yaya, limelala tu!

– Liache. Ukilifunua-funua litapata baridi.

Sukuma donge kwa chupa safi, lipate unene wa kidole. Kata vipande 24. Viache tena dakika 15. Sasa pasha mafuta moto. Ukitaka kujua kama yako tayari, tupa kipande kidogo cha unga ndani. Kikizama na kukaa chini, mafuta bado ni baridi, na mandazi yatayanywa. Kikigeuka cheusi mara moja, moto umezidi, punguza makala. Kikipanda juu upesi na mapovu pande zote, anza kukaanga. Geuza kila kimoja, upande huu na upande huu, mpaka kipate rangi ya udongo mwekundu.

Angalia sana mafuta. Sufuria ikae imara. Watoto wadogo wasicheze karibu. Mkono wenye maji usikaribie, maana tone moja la maji hurusha mafuta usoni. Na mafuta yakishika moto, usimwage maji kamwe. Funika sufuria kwa kifuniko, uache moto ufe wenyewe.

6. Vitafunio visivyo na ngano

Ngano hununuliwa kwa bei. Lakini kuna vitu vingine vya kula na chai, na vinatoka shambani.

Viazi vitamu vioshwe bila kumenywa, vitiwe katika sufuria na maji kidogo, vifunikwe kwa majani ya mgomba. Vikiiva kwa mvuke, utamu wake haupotei katika maji. Watu wengi wa Kivu huvila asubuhi pamoja na chai, wakaenda shambani bila njaa.

Karanga zikaangwe bila mafuta, kwa moto mdogo, zikikorogwa bila kuacha. Nyunyiza maji ya chumvi kidogo. Kwanza zichague: karanga yenye ukungu, au iliyokunjamana na kubadilika rangi, itupwe. Ina sumu inayoharibu ini, na moto hauiondoi yote.

Ndizi mbivu sana, zile ambazo maganda yake yameanza kuwa meusi, zisitupwe. Ponda ndizi 6 ndogo, uchanganye na unga kikombe 1 na nusu na chumvi kidogo. Usitie sukari, wala maji. Chota kwa kijiko, ukaange kama mandazi. Mdogo wake binti alivipenda hivi kupita vyote.

7. Mgeni

Siku moja ya mwezi wa Novemba mama alikuwa sokoni, na baba kazini. Binti alikuwa amebaki nyumbani na mdogo wake. Katika kikapu mlikuwa na mandazi 8 ya jana, na katika kopo sukari ya vijiko vitatu tu. Majuma yale kipindupindu kilikuwa kimeingia mtaani. Jirani yao mmoja alikuwa amepelekwa hospitali usiku, akichukuliwa mgongoni.

Mtu akabisha. Alikuwa baba mkubwa, kaka wa baba yao, mzee mwenye fimbo. Ametoka Kabare kwa miguu chini ya mvua, ili alete habari ya arusi. Koti lake lilikuwa limelowa.

– Jambo, mwanangu.

– Jambo sana, baba mkubwa. Karibu, ukae karibu na moto.

Akamvua koti, akalitandaza. Akaweka birika juu ya mbabula. Lakini makala yalikuwa na unyevu, na moto ulikuwa mvivu. Mzee akakaa, akanyosha mikono, akakohoa. Baada ya muda birika likaanza kutoa moshi.

– Sasa nipe, mwanangu. Baridi imeniingia mifupani, na gari la kurudi litaondoka. Chai ya vuguvugu yanitosha.

Binti akasimama. Hajawahi kumkatalia mzee neno. Mtoto mwenye adabu hamwambii baba mkubwa wake «ngoja». Tena mgeni aliyelowa mvua, kumchelewesha ni aibu kwa nyumba nzima. Akatazama birika. Moshi ulitoka, lakini maji yalinyamaza. Yalikuwa yametoka katika chemchemi iliyo chini ya mtaa, karibu na nyumba ya yule mgonjwa.

Akapiga magoti mbele ya mzee, kama mama alivyomzoeza.

– Baba mkubwa, unisamehe. Maji hayajachemka.

– Lakini ni ya moto.

– Ni ya moto, lakini hayajachemka. Kuna kipindupindu mtaani.

Mzee akanyamaza. Mdogo wake binti akachukua kifuniko cha sufuria, akaanza kupepea makala kwa nguvu zake zote, hata majivu yakamwingia puani. Kila mmoja akatazama birika. Likalia kidogo, likanyamaza, likalia tena. Mwisho kifuniko chake kikaanza kuruka. Binti akakifunua, akaona viputo vikubwa. Akahesabu polepole mpaka 60, midomo ikicheza bila sauti. Ndipo akatia majani, akafunika, akangoja tena.

Alimimina kikombe cha mzee, akatia vijiko vitatu vya sukari, vyote vilivyokuwamo. Akamletea mandazi katika sahani. Mzee alishika kikombe kwa mikono miwili. Akanywa kidogo, akapuliza, akanywa tena. Alipomaliza akauliza:

– Nani alikufundisha kuhesabu hivi?

– Mama.

– Kwetu tuko juu zaidi ya hapa. Tunywayo ni maji ya mto, na ng'ombe hunywa juu yetu.

– Basi kwenu mhesabu mpaka 180, baba mkubwa.

Mzee akacheka. Akarudia hesabu ile mara mbili, asije akaisahau njiani. Kisha akachukua mandazi matatu, akayafunga katika kitambaa kwa ajili ya wajukuu wake. Akavaa koti lake, nalo lilikuwa limeanza kukauka. Akashuka kwenda kutafuta gari.

Mama aliporudi jioni, aliona kikombe barzani, na sahani haina kitu. Akachukua kopo la sukari, akalitikisa. Halikutoa sauti.

– Nani alikuja?

– Baba mkubwa. Alikuwa na haraka, lakini maji yalikuwa bado. Nilimngojesha.

– Akakasirika?

– Kwanza alinyamaza. Kisha akaomba hesabu.

Mama akaweka kopo mahali pake. Wazee husema: mgeni njoo, mwenyeji apone.

– Vizuri, akasema. Kesho tutakunywa ya mchaichai, bila sukari. Nenda ukate majani kabla ya giza.

Maswali

1. Mchumaji wa chai huchuma nini juu ya mchai, na kwa nini huacha majani makubwa?
2. Utajuaje kwamba maji yamechemka kweli?
3. Kwa nini maji ya mlimani yaachwe motoni dakika 3?
4. Kwa nini tangawizi ichemshwe katika maji kabla ya kutia maziwa?
5. Mafuta yakishika moto utafanya nini? Usifanye nini?
6. Binti alimheshimu baba yake mkubwa namna gani, hata alipomkatalia?
7. Waulize wazazi wako: maji ya kunywa nyumbani kwenu yanatoka wapi? Andika majibu yao katika mistari mitano.